China, dhahabu na bei ya sokoni: mambo ambayo wakaaji wa Kasongo na Kabambare wanapashwa kujua

Ukizunguka maduka ya Kasongo, utaona kwamba vitu vingi vinatoka China: telefoni, plaki za jua, betri, taa, viatu vya plastiki, vikwembe vya bei ya chini, hata zile matole za kufunika nyumba. Kule Salamabila, katika teritware ya Kabambare, gramu moja ya dhahabu inapanda na kushuka bei kufuatana na maneno yanayosemwa Beijing na Washington. Na mgodi mkubwa wa Namoya, karibu na Salamabila, ulishapita mikononi mwa wenye feza wa China.

Kwa hiyo, redio ikitangaza kwamba Marekani na China wanagombana juu ya biashara, au kwamba Kinshasa imepatana upya na Wachina, si habari ya mbali. Makala hii inaeleza mambo hayo yanafika namna gani kusini mwa Maniema, na ni kitu gani sheria ya Kongo inawapa wakaaji.

Kwa kifupi:

- Ugomvi wa Marekani na China unaweza kushusha bei ya vitu kule China, lakini bei ya Kasongo inaamuliwa zaidi na barabara, ziwa na usalama.
- Bei ya dhahabu duniani imepanda kupita mara mbili tangu mgodi wa Namoya usimame mwaka 2019.
- Mikataba mikubwa ya Kinshasa na China inahusu shaba na kobalti ya Katanga. Maniema haina sehemu kubwa ndani yake.
- Kodi ya mgodi wenye kibali inapashwa kurudi kwa sehemu fulani kwenye sekta na kwa wakaaji. Kiasi chake kimeandikwa katika sheria.

Biashara ya mbali si jambo jipya hapa

Miaka 150 iliyopita, Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa biashara. Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake huku. Misafara ilibeba pembe za ndovu, na watu waliofanywa watumwa, ikapita Kabambare na Ujiji mpaka pwani ya Zanzibar. Vitu vilivyorudi ni bunduki, shanga na vitambaa. Kitambaa kimoja kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani.

Mwaka 1893 jeshi la mfalme wa Ubelgiji liliteka Nyangwe na Kasongo, na wakubwa wa biashara wakabadilika. Lakini namna yenyewe ya biashara haikubadilika sana. Kitu kinachotoka huku kinatoka kibichi: pembe, kisha bati, sasa dhahabu. Kitu kinachorudi kinarudi kimekwisha kutengenezwa, na faida kubwa inabaki kwa yule aliyekitengeneza na kwa yule aliyekisafirisha. Jambo hilo ndilo la kuangalia katika biashara na China pia.

Vitu vya China vinafika kwa njia gani?

Kontena inatoka bandari ya China, inavuka bahari ya Hindi mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo muzigo unapanda reli au lori mpaka Kigoma, unavuka ziwa Tanganyika, unashuka Kalemie, Baraka ao Uvira. Kutoka Kalemie unaweza kufuata reli ya zamani ao barabara kuelekea Kongolo, kisha kupanda kuja Kasongo. Kutoka Baraka, njia inapita Fizi, Lulimba, Salamabila na Kabambare. Njia nyingine ilikuwa ya Bukavu, kwa barabara ao kwa ndege.

Kila kituo kina malipo yake: duane, bandari, depo, wabebaji, vizuizi vya barabarani, na mwisho moto zinazobeba mizigo pale lori inaposhindwa na matope. Wakati wa mvua, kipande kidogo kati ya Kabambare na Kasongo kinaweza kuchukua siku nyingi.

Mwaka 2025 njia hizo ziliharibika zaidi. Waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwezi wa 1, Bukavu mwezi wa 2, na Uvira mwezi wa 12. Wafanyabiashara waliozoea kununua Bukavu walilazimika kutafuta depo za Kalemie, Kindu ao Lubumbashi.

Ndiyo maana plaki ya jua inaweza kuwa na bei ya chini kule inakotengenezwa, na bado ikawa bei kali Kasongo. Mtu anayenunua hapa analipa plaki, halafu analipa na safari yake.

Ugomvi wa Marekani na China umebadilisha nini?

Mwezi wa 4 mwaka 2025, Rais Donald Trump alipandisha ushuru wa vitu vya China vinavyoingia Marekani mpaka asilimia 145. China ikajibu kwa asilimia 125 juu ya vitu vya Marekani. Mwezi wa 5, pande mbili zilikutana Geneva na kushusha: asilimia 30 upande wa Marekani, 10 upande wa China. Tarehe 30 mwezi wa 10, Trump na Rais Xi Jinping walikutana Busan, inchi ya Korea Kusini, wakapatana kupunguza tena kwa muda.

Kiwanda cha China kilichokosa mununuzi Marekani kinatafuta mununuzi mwingine. Afrika ni mmoja wao. Katika mwaka 2025, vitu ambavyo China iliuza Afrika viliongezeka karibu robo moja kwa kulinganisha na mwaka uliotangulia. Kwa mununuzi, hiyo inaweza kuwa nafuu. Kwa fundi wa Afrika anayeshona viatu ao kutengeneza sabuni, ni mashindano makali.

Lakini kuna mambo yanayovuta bei upande wa pili. Kwa mufano, tangu tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2024, serikali ya China ilipunguza feza iliyokuwa inawarudishia wenye viwanda wanaouza plaki za jua inje ya inchi, kutoka asilimia 13 mpaka 9. Plaki ambazo zilikuwa zinashuka bei mwaka kwa mwaka haziwezi kushuka hivyo milele.

Telefoni nazo zina historia yao. Tecno na itel, ambazo watu wengi wa huku wanashika mukononi, ni za kampuni Transsion ya Shenzhen. Kampuni hiyo iliweka nguvu yake Afrika, si kwao. Kwa hiyo si kila kitu cha China kinategemea soko la Marekani. Vingine vilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya mufuko wa Mwafrika.

Dhahabu: ugomvi wa wakubwa unapandisha bei

Hapa ndipo Kabambare inaguswa zaidi. Wakati inchi kubwa zinagombana, wenye feza wanaogopa, wanakimbilia dhahabu. Tena, tangu mwezi wa 11 mwaka 2022, benki kuu ya China ilianza kutangaza kwamba inanunua dhahabu kwa wingi. Ilisimama kidogo katikati ya mwaka 2024, ikaanza tena mwezi wa 11 mwaka huo. Benki kuu za inchi nyingine zilifanya vilevile, juu ya kutotaka kutegemea dola peke yake.

Matokeo yake: mwezi wa 9 mwaka 2019, onsi moja ya dhahabu ilikuwa karibu dola 1.500. Mwezi wa 3 mwaka 2025 ilipita dola 3.000, na mwezi wa 10 ikapita 4.000. Onsi ni gramu 31,1. Tukipiga hesabu, gramu moja ya dhahabu safi ilitoka karibu dola 48 mpaka kupita dola 128.

Bei hiyo ni ya soko la dunia na ya dhahabu safi. Kwenye shimo, mchimbaji anapata chini yake, kwa sababu dhahabu yake haijasafishwa na kwa sababu kila mununuzi katikati anakata yake. Lakini mtu anayejua bei ya dunia hadanganywi sawa na yule asiyejua. Hesabu ni rahisi: chukua bei ya onsi inayotangazwa redioni, gawanya kwa 31,1, utapata bei ya gramu.

Sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wa mikono mashariki mwa Kongo haiendi moja kwa moja China. Inatoka kwa magendo kupitia inchi jirani, na mara nyingi inafika Dubai, ambako inaandikwa kwa jina la inchi nyingine. Hapo Maniema inapoteza mara mbili: inapoteza kodi, na inapoteza hata jina lake.

Namoya: kutoka wenye Canada mpaka wenye China

Banro, kampuni ya Canada, ilikuwa na vibali vya dhahabu kwenye mstari unaotoka Twangiza, Kivu ya Kusini, mpaka Namoya. Mgodi wa Namoya ulianza rasmi uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa mwaka 2016.

Kabla ya hapo, maelfu ya watu walikuwa wanaishi kwa kuchimba kwa mikono milima ileile, kama vile Mwendamboko. Kuwatoa kwenye mashimo kulileta chuki ambayo haikuisha. Kikundi cha Mai-Mai Malaika kilijisema kinatetea haki za wakaaji. Mwezi wa 3 mwaka 2017, wafanyakazi wa mgodi walitekwa, mmoja wao Mfaransa, na wakakaa miezi porini.

Mwishoni mwa mwaka 2017, Banro ilizidiwa na madeni, ikaomba ulinzi wa mahakama ya Canada. Mwaka 2018, waliokuwa wanaidai walichukua kampuni. Kati yao, mkubwa alikuwa Baiyin, kampuni ya China yenye mizizi katika jimbo la Gansu, pamoja na wenye feza wa Gramercy. Kampuni ikatoka kwenye soko la hisa.

Hapa Salamabila, mabadiliko hayo hayakujibu maswali ya zamani: wachimbaji waliotolewa waende wapi, kazi apewe nani, barabara na maji vilivyoahidiwa viko wapi. Mashambulizi yaliendelea, na mwezi wa 9 mwaka 2019 kazi zilisimamishwa juu ya usalama.

Watu wengine walisema shida ni Wazungu, wengine wakasema shida ni Wachina. Lakini mgodi ulikuwa na shida ileile chini ya wenyewe wawili. Bendera ya kampuni ilibadilika, na mapatano na wakaaji yakabaki vilevile. Mtu yeyote atakayeendesha mgodi mkubwa katika Kabambare, atoke China, Marekani ao Kinshasa, atakuta swali hilohilo linamungoja.

Wageni kwenye mashimo na mito: sheria inasema nini?

Katika Kivu ya Kusini, jirani ya Kabambare, jambo la makampuni ya Wachina kwenye mito limeleta kesi nyingi. Mwezi wa 8 mwaka 2021, gavana wa jimbo alisimamisha makampuni 6 katika teritware ya Mwenga, kisha wakaaji kulalamika juu ya mashamba na maji kuharibiwa. Mwezi wa 7 mwaka 2024, jimbo lilisimamisha kazi zote za madini zisizo halali. Mwezi wa 1 mwaka 2025, Wachina 3 waliokamatwa Walungu na vipande vya dhahabu pamoja na dola nyingi walihukumiwa Bukavu miaka 7 ya kifungo.

Hiyo haimaanishi kwamba kila Mchina kwenye madini anavunja sheria. Kuna makampuni yenye vibali kamili. Kitu cha kuangalia ni karatasi, si rangi ya mtu. Kodi ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema hivi:

- Kuchimba kwa mikono ni haki ya Mkongomani mwenye karte ya mchimbaji peke yake. Mgeni haruhusiwi.
- Wachimbaji wanapashwa kuwa ndani ya koperative iliyokubaliwa, na kufanya kazi ndani ya eneo lililowekwa kwa ajili yao.
- Mgeni anayetaka kuchimba anapashwa kupita kwa kampuni yenye kibali, na kufuata masharti ya mazingira.

Shida inatokea pale ambapo koperative inabeba jina tu, na nyuma yake kuna mgeni mwenye mashine, draga na feza. Koperative inapata kiasi kidogo, mto unageuka matope, na kodi ya kampuni hailipwi kwa sababu kwenye karatasi ni "wachimbaji wa mikono". Mwanamemba wa koperative ana haki ya kuuliza mukataba uliosainiwa kwa jina lake unasema nini.

Kinshasa na China: mukataba wa Sicomines

Mukataba unaotajwa mara nyingi ni ule wa mwaka 2008: China kujenga barabara na hospitali, Kongo kulipa kwa shaba na kobalti ya karibu na Kolwezi. Katika kampuni Sicomines, upande wa China una asilimia 68, Gécamines 32.

Mwezi wa 2 mwaka 2023, ofisi ya ukaguzi wa feza za serikali, IGF, ilisema kwamba kwa dola miliari 3 zilizoahidiwa kwa ujenzi, ni milioni 822 tu zilizokuwa zimetumika. Mwezi wa 3 mwaka 2024, pande mbili zilisaini mapatano mapya: feza ya ujenzi ilipanda mpaka miliari 7, kwa dola milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, ikiwa bei ya shaba haishuki chini ya dola 8.000 kwa tani. Asilimia 68 na 32 hazikubadilika.

Serikali ilikaza pia upande wa kobalti, ambayo sehemu kubwa inachimbwa na makampuni ya China. Mwezi wa 2 mwaka 2025 ilifunga kuuza inje, na kuanzia tarehe 16 mwezi wa 10 ikaweka kipimo: tani 96.600 kwa mwaka 2026. Na tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 2025, Kinshasa ilisaini huko Washington ushirikiano na Marekani juu ya madini. Kongo sasa ina wanunuzi wawili wakubwa wanaoshindana.

Kwa muuzaji, kuwa na wanunuzi wawili ni nguvu, lakini nguvu hiyo inafanya kazi pale ambapo serikali inajua kinachotoka. Kobalti inapimwa kwa tani na inapita kwenye lori kubwa. Dhahabu ya Kabambare inatoka ndani ya mufuko wa suruali. Ndiyo maana Katanga inazungumziwa mezani, na Maniema ya kusini inasahauliwa.

Ushuru wa sifuri na reli ya Kindu

Tangu tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2024, China iliondoa ushuru wote kwa vitu vinavyotoka katika inchi masikini zaidi zenye uhusiano nayo, Kongo ikiwa ndani. Mwezi wa 6 mwaka 2025 ilitangaza kwamba itafanya vilevile kwa inchi 53 za Afrika.

Mulango uko wazi, lakini mupunga, karanga na mafuta ya ngazi ya Kasongo havina njia ya kuufikia. Ili mazao yaingie China, yanapashwa kuwa na karatasi za afya, kipimo kimoja cha ubora, na wingi wa kujaza kontena. Gunia linalooza Kasongo likingoja lori haliwezi kusaidiwa na ushuru wa sifuri. Soko la karibu, yaani Kindu, Kalemie, Lubumbashi na Salamabila yenyewe, bado ndilo la kwanza.

Kuna jambo la kufuatilia: reli mpya kutoka Uvinza, Tanzania, mpaka Musongati, Burundi, karibu kilometa 282. Mukataba wake ulisainiwa mwezi wa 1 mwaka 2025 na makampuni ya China. Mupango unasema mbele yake reli iendelee mpaka Uvira na Kindu. Ikifika kweli, bei za Maniema zitabadilika kupita mapatano yote ya ushuru. Kwa sasa, upande wa Kongo ungali mupango.

Feza gani inapashwa kubaki hapa?

Kampuni yenye kibali cha kuchimba dhahabu inalipa kodi ya madini ya asilimia 3,5. Tuchukue mufano wa dhahabu ya dola milioni 1. Kodi ni dola 35.000, na inagawanywa hivi:

- Serikali ya kati: asilimia 50, yaani dola 17.500
- Jimbo: asilimia 25, yaani dola 8.750
- Sekta, shefferie ao komini ya mahali pa mgodi: asilimia 15, yaani dola 5.250
- Mufuko wa vizazi vijavyo: asilimia 10, yaani dola 3.500

Zaidi ya hiyo, kampuni inapashwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji: dola 3.000 kwa kila milioni. Tena inapashwa kusaini na wakaaji kaye de sharje, ile karatasi ya ahadi zinazoandikwa wazi: shule, maji, daraja, na tarehe ya kila kimoja.

Feza hizo zinatoka kwenye mgodi wenye kibali unaofanya kazi. Mgodi ukiwa umefungwa, na dhahabu ikitoka kwa magendo, sekta haipati kitu hata onsi ikifika dola 5.000.

Kwa hiyo, kampuni yoyote ikifika, maswali ya kuuliza kwa mkuu wa sekta, kwa diviziyo ya madini na kwa kampuni yenyewe ni haya: Kibali kiko wapi, na kina jina la nani? Kaye de sharje imesainiwa na nani, na nani ana kopi? Konti ya asilimia 15 iko benki gani, na feza iliyoingia ilifanya nini? Wachimbaji wa mikono wamepewa eneo gani, kabla ya kutolewa kwenye mashimo yao?

Maswali haya yangeulizwa mapema katika Namoya, wakati mashimo ya Mwendamboko yalikuwa bado yana watu. Yanabaki na maana ileile kwa kila atakayekuja kutoka upande wowote.